Pipa la Arap Tanui

Vita vya Ghuba vilipoanza, mtu wa kwanza kupata habari katika kilima chote cha Kapmasis alikuwa Alexander arap Tanui, na mtu wa mwisho kunyamaza kuvihusu alikuwa yeye huyo huyo. Ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini. Alikuwa ameketi nje ya nyumba, redio juu ya gogo, mkewe Caren akichambua sukumawiki, mtangazaji akasema jeshi la Iraki limeingia Kuwait. Arap Tanui akainua kidole kimoja juu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Caren alipokiona kile kidole akajua nyasi za ng'ombe atakata mwenyewe siku hiyo.

Kuwait iko wapi, kusema ukweli hakuwa na hakika. Lakini kufikia jioni alikuwa na hakika, na kufikia Jumapili baada ya ibada alikuwa amewachorea wanaume wenzake ramani kwa fimbo pale nje ya kanisa. Hapa Iraki, hapa Kuwait, hapa bahari, na hapa, karibu na mavi ya mbuzi, ndipo Wamarekani watashukia. Wanaume walisimama wakaitazama ile ramani hadi mvua ikaja ikaifuta.

Msidhani namcheka. Haya, namcheka, lakini ni mtu wetu. Arap Tanui alikuwa na ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe wanne wa maziwa, kiti cha mbele kanisani, na zaidi ya yote alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha majani. Kituo chenyewe ni kibanda cha mbao na mabati, mizani inaning'inia katikati, na mbele yake uwanja wa kutosha lori kugeuka. Basi. Lakini kila mchana wakulima sitini na zaidi hupanda pale na vikapu mgongoni, karani Gekara anapima, na jioni lori la kiwanda linakuja kubeba. Na chai haina subira. Ukichuma asubuhi na yasifike kiwandani siku hiyo, kesho majani ni mekundu, hata mbuzi hayataki. Kwa hiyo sisi wa Kapmasis, tulio mwisho kabisa wa njia, tulikuwa tunasikiliza honi ya lile lori kuliko tunavyosikiliza kengele ya kanisa. Mchungaji anisamehe.

Mwanzoni watu walimcheka mwenyekiti na vita vyake. Waarabu wanapigana huko, sisi tunachuma huku, kuna uhusiano gani? Yeye akawaambia mafuta yote ya dunia yanatoka pale, na kwamba watayaona. Ubaya ni kwamba waliyaona. Oktoba ilipofika dizeli ilikuwa imepanda hata madereva wakawa wanazima gari wakiteremka mlima. Mbolea, ambayo huja kwa meli, ikachelewa, na ilipokuja ikaja na bei ya kutufanya tuitazame tu kwenye magunia. Mafuta ya taa yakapotea madukani Kaplong; ukiyapata, unapimiwa kwa chupa ya soda, na mwenye duka anakutazama kana kwamba umeomba bintiye. Hata mashine ya kusaga mahindi ya Bosire, iliyokuwa ikipiga kelele tangu asubuhi, ikaanza kufanya kazi siku tatu kwa wiki.

Huyu Bosire nimtaje vizuri kwa sababu habari hii ni yake pia. Baba yake alitoka Kisii zamani kuchuma chai katika mashamba ya Wazungu, akaweka pesa, akanunua kipande kilichopakana na cha kina Tanui. Bosire alizaliwa hapa hapa. Ana chai yake, ana mashine yake ya dizeli, na mikono yake haijawahi kuwa na rangi moja kwa sababu ya grisi. Yeye na Arap Tanui walikuwa wakitaniana kila siku ya Mungu. Mmoja akisema Wakisii hawalali kwa kutafuta pesa, mwingine anasema Wakipsigis hawaamki kwa kushiba maziwa, kisha wanaazimana panga.

Sasa, mtu akisema jambo likatokea kweli, hapo ndipo mashaka yake yanapoanza. Arap Tanui alijiona ni nabii. Akakokotoa kwamba vita vitachukua miaka saba, kwamba taa zitazimika Sotik nzima, na kwamba mwenye akili ajitayarishe mapema. Akauza fahali wake mdogo. Akaenda kwa mtu anayemjua mjini, akarudi na mkokoteni wa punda, na juu yake pipa zima la mafuta ya taa, lita mia mbili, limefunikwa na blanketi. Kila aliyekutana naye njiani aliambiwa ni molasi ya ng'ombe. Watu wakaamini, kwa maana ng'ombe wake walipendwa kuliko watoto wa watu wengine.

Pipa likalazwa stoo juu ya magogo mawili, mlango ukatiwa kufuli. Ile stoo ni ndogo. Ndani yake mlikuwa na jembe, magunia, kamba, na vikapu vinne vya kuchumia chai, ambavyo sasa vilikosa mahali isipokuwa chini ya pipa. Kifuniko cha pipa hakikukaza vizuri. Tone moja, likapumzika, tone lingine.

Mnaojua chai mmeshaanza kushika kichwa. Kwa asiyejua: jani la chai linanyonya harufu. Ukiliweka karibu na kitunguu litakuwa kitunguu, ukiliweka karibu na samaki litafika Uingereza likiwa samaki. Ndiyo maana mkulima hachumi chai akiwa amejipaka mafuta yenye manukato. Arap Tanui alilijua hilo kuliko sisi sote. Ndiye aliyekuwa akitufundisha. Lakini yeye mwenyewe, Caren, blanketi, ng'ombe, kila kitu pale nyumbani kilikuwa kimeshaingiwa na harufu, na mtu aliye ndani ya harufu haisikii. Pale kituoni nako kulikuwa na pua moja tu ya serikali, nayo ni ya karani Gekara, na Gekara alikuwa amevuta ugoro miaka ishirini. Pua yake ilikuwa imestaafu.

Mwisho wa Novemba ikaja barua kutoka kiwandani. Gekara aliisoma kwa sauti amesimama juu ya kreti. Barua ilisema, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba kutokana na hali ya dizeli duniani lori haliwezi tena kuzunguka njia zote. Kati ya vituo vitatu vya mwisho, kimoja kitafungwa mwaka mpya, na wakulima wake watapeleka majani hadi barabara ya lami. Kutoka Kapmasis hadi lami ni kilomita saba za matope. Wanawake walitazama miguu yao.

Kisha barua ikaendelea. Majani ya upande huu yalikuwa yamefika yakinuka mafuta, na chai ya siku nzima imeharibika. Alhamisi, tarehe sita Desemba, afisa wa majani atakuja kunusa kikapu kwa kikapu. Mwenye kosa akipatikana, yeye peke yake ataadhibiwa. Asipopatikana, kituo kitakachofungwa kimeshapatikana.

Arap Tanui akaitisha mkutano hapo hapo. Alikuwa na hasira safi kabisa, hasira ya mtu asiye na hatia, na katika hali hiyo alikuwa akizungumza vizuri sana. Akasema nchi kubwa inaweza kuangushwa na jirani mmoja mchoyo. Akasema Kuwait ililala usingizi ikiamini mpaka, na kwamba hata Kapmasis ina Iraki yake. Akasema hataji mtu, lakini kuna watu hapa ambao kazi yao ni mashine, na mashine inakunywa dizeli, na mikono inayoshika dizeli asubuhi ndiyo inayoshika chai mchana. Vichwa sitini vikageuka pamoja.

Bosire alikuwa ameegemea nguzo. Hakupandisha sauti.

"Mimi nanuka dizeli tangu mwaka wa themanini na mbili," akasema. "Majani yangu hayajarudishwa hata siku moja. Mwenyekiti, si wewe ndiye ulikuwa unanisifu?"

Watu wachache wakacheka, lakini si kicheko chenyewe. Wiki hiyo mahindi yakaanza kupelekwa kusagwa mbali, ng'ambo ya mto, na Bosibori, mkewe Bosire, akawa akienda kuteka maji wanawake wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu motoni. Arap Tanui aliyaona yote hayo. Hakuyafurahia, lakini alijiambia ndivyo vikwazo vinavyofanya kazi. Redio ilikuwa imeeleza.

Jumamosi Joan akaja nyumbani. Joan ni kifungua mimba wao, mwalimu wa shule ya msingi huko Silibwet, msichana mwenye maneno machache na pua nzima. Alisalimia mama, akaingia ndani, akatoka. Akaenda akasimama karibu na stoo. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama baba yake amefungua kituo cha petroli.

Arap Tanui akacheka. Akacheka peke yake. Caren akamtazama, naye akaacha kucheka kidogo kidogo, kama injini ya Bosire ikiishiwa.

Akaenda stoo mwenyewe, akafungua kufuli, akachuchumaa mbele ya pipa. Aliona tone likitoka kwenye kifuniko, likaning'inia, likaanguka katikati ya kikapu cha juu. Akakichukua kile kikapu akakiweka usoni. Mara ya kwanza hakusikia kitu. Akatoka nje, akatembea hadi mwisho wa shamba, akavuta hewa ya huko muda mrefu, akarudi, akanusa tena. Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu atahiriwe, na mbele ya macho yake hakikuja kiwanda wala lori, ulikuja mgongo wa Bosibori akiteremka mtoni peke yake na mtungi wake.

Caren alimfuata hadi mlangoni. "Baba Joan, nenda kwa Bosire leo," akamwambia.

Akajibu kwamba atakwenda. Baada ya Alhamisi. Mambo yakitulia.

"Baada ya Alhamisi utamwambia nini?" Caren akauliza, na hakulirudia tena swali hilo. Alimpikia, akampa chakula, akamnyamazia siku nne mfululizo.

Mwenyekiti akafikiri. Kununua vikapu vipya hakuwezekani: anayenunua vikapu wiki ya ukaguzi amejiandikia mashtaka mwenyewe. Kutokwenda kituoni Alhamisi ni vibaya zaidi, maana mwenyekiti hakosi. Kilichobaki ni kuviosha. Akaviosha kwa sabuni ya kipande, akaviosha kwa jivu, akavianika juani, akavinusa. Harufu ilikuwa bado ipo, imesafishwa tu, inang'aa.

Hapo ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la Kipsigis hasa. Sisi maziwa ya mursik tunayagandisha katika vibuyu, na kabla ya kutia maziwa, mama zetu huchoma kijiti cha mti wa senetwet kikawa mkaa, wakausugulia mkaa huo ndani ya kibuyu. Unaua harufu yote mbaya na kuleta yake, nzuri, ambayo ukiisikia ukiwa mbali na nyumbani unaweza kulia. Kama senetwet inaweza kibuyu, akajiuliza, kikapu kitaishinda nini? Mzee mzima, mzee wa kanisa, akakata senetwet kandokando ya mto, akachoma vijiti, akakaa nyuma ya zizi Jumatano nzima akisugua vikapu, kazi ambayo hakuna mwanamume wa ukoo wake aliyewahi kuonekana akiifanya. Caren alipita mara mbili na ndoo ya maziwa. Mara ya pili alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alhamisi ikafika. Afisa alikuwa kijana mwembamba aitwaye Kipchoge, mwenye kitambaa cheupe mfukoni na viatu ambavyo matope ya Kapmasis yalivifurahia. Vikapu vikapangwa mstari mmoja kuanzia kibandani hadi kwenye ua. Kwa kawaida cha mwenyekiti hutangulia. Siku hiyo mwenyekiti aliwapisha akina mama, akawapisha wazee, akawapisha na watu aliowakemea mwezi uliopita, hata akajikuta yuko nyuma ya Bosire. Wakasimama hapo, jirani na jirani, bila kusalimiana. Gari la afisa lilikuwa limeachwa injini ikinguruma, na kila mtu alikuwa akihesabu moyoni dizeli inayokwisha.

Kipchoge aliingiza mkono katika kila kikapu, akatoa majani ya chini, akayanusa, akafunga macho. Safi. Safi. Safi. Akafika kwa Bosire. Alinusa mara tatu, akatazama ile mikono yenye grisi, akanusa tena. Majani hayakuwa na kitu. Akakunja uso kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Akasogea kwa Arap Tanui. Akainama. Akainuka.

"Mzee," akasema, "hiki kikapu kimewahi kuwekwa mursik?"

Kituo kizima kikapasuka. Hata Gekara alicheka, na yeye hakuwa amesikia harufu yoyote. Arap Tanui akacheka pamoja nao, jasho likimteremka mgongoni, akaanza kuamini kwamba senetwet imeweza. Lakini Kipchoge hakuwa amemaliza. Aliinama tena, akabaki ameinama muda mrefu zaidi, na alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. Chini ya mursik kulikuwa na kitu kingine.

Akamtazama mwenyekiti, mzee wa watu, koti la Jumapili na tai. Akamtazama Bosire. Akatazama ile hatua moja iliyokuwa kati ya vikapu viwili. Kisha akatikisa kichwa akitabasamu, kama mtu aliyekwisha kupata jibu la hesabu, akamwambia mwenyekiti polepole kwa Kipsigis kwamba mzee kama yeye asisimame karibu na watu wa mashine, wanamharibia majani. Akatoa kalamu. Akamgeukia Bosire, akamtaka nambari yake ya mkulima.

Hivyo tu. Arap Tanui hakuombwa aseme uongo. Hakuombwa aseme neno lolote. Kosa lingepata mtu wa kulibeba, kituo kingebaki, lori lingekuja, na pipa lingeendelea kuwa la molasi.

Bosire hakubishana. Nafikiri alikuwa amechoka kubishana wiki ile. Alianza kuitaja nambari yake, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu. Sita. Sifuri. Kipchoge akaandika. Nne. Arap Tanui aliisikia kila tarakimu. Aliijua ile nambari kwa moyo. Yeye ndiye aliyempeleka Bosire ofisini kuandikishwa, miaka kumi na mitatu iliyopita, wakashiriki mkate na soda wakirudi. Ilikuwa imebaki tarakimu moja.

"Kijana, simamisha kalamu," akasema. "Hayo mafuta ni yangu."

Kipchoge akadhani mzee anamkinga jirani. Ikabidi Arap Tanui aseme yote, mbele ya watu sitini, na tai shingoni: pipa, blanketi, fahali, tone, sabuni, jivu, hadi vijiti vya senetwet nyuma ya zizi. Kila alipodhani amemaliza alikumbuka lingine. Alipofika kwenye molasi akamgeukia Bosire. "Nilikuita Iraki," akasema. "Kumbe ni mimi."

Nyuma kabisa, karibu na ua, mtu akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alikuwa Caren. Alikuwa amekibeba kicheko hicho tangu Jumatano. Kikamshika mama wa pili, kikamshika Gekara, kikaenda mstari mzima, watu wakashikilia mbavu na mizani. Bosire hakucheka. Alichukua kikapu chake, akapimiwa, akaenda zake bila kutazama nyuma, na Arap Tanui akakitazama kile kikapu hadi kikapotea kwenye kona.

Adhabu ilikuwa miezi mitatu. Nambari ya Arap Tanui ikafungwa hadi mwanzo wa Machi. Hata jani moja lisipimwe. Kituo cha Kapmasis kikabaki, kikafungwa kingine upande wa mto, na wakulima wa huko wakaanza kubeba majani hadi lami. Tuliposikia, hatukusherehekea sana. Uenyekiti aliuacha mwenyewe. Ila kamati, kwa kuwa Kipchoge alitaka kila kituo kiwe na mtu wa kunusa, ikamteua yeye. Wakasema hakuna pua nyingine kilimani iliyopata mafunzo kama yale. Mafuta aliwagawia watu kwa bei ya kabla ya vita, walikuja na chupa, mitungi, hata birika. Chupa moja aliipeleka mwenyewe kwa Bosire, siku ya Krismasi. Bosibori aliipokea, akashukuru, akasema mzee amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Kwa hiyo kila mchana alipanda kituoni bila kikapu, akainama mbele ya vikapu vya wenzake. Huku nyuma chai yake, isiyochumwa, ikawa inapanda: kiunoni, kifuani, mabegani. Chai ikiachwa inakumbuka kwamba ni mti. Alipita kando yake kila siku akiangalia upande mwingine. Bosire akifika mbele yake alisema "Habari" na kuondoka, na hiyo habari moja ndiyo iliyomuumiza zaidi ya matusi. Alitamani hata atukanwe.

Mwisho wa Februari, siku ya Alhamisi tena, watu walimwona akipanda kilima mbio, redio kwapani, kofia mkononi. Alifika kituoni pumzi imemwishia.

"Vita vimekwisha," akasema.

Watu wakainua vichwa. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanangoja lori, nalo lilikuwa limechelewa. Bosire alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kikapu kimejaa miguuni pake.

"Wamesema dizeli itateremka lini?" akauliza.

Arap Tanui akaitazama redio kana kwamba itamsaidia. "Hiyo hawajasema."

"Mbolea?"

"Hawajasema."

"Basi zima hiyo kitu, betri ni bei. Njoo unuse."

Akazima. Akaweka redio chini, akapiga magoti, akaingiza mkono hadi chini ya kikapu kama alivyofundishwa, akatoa majani akayaweka puani. Yalinuka majani tu. Akakaa nayo hapo zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa machoni na hakutaka kuinua uso.

"Safi," akasema.

Bosire alikuwa anaangalia juu ya kichwa chake, upande wa lile shamba lililokuwa limegeuka kichaka.

"Ile msitu yako," akasema. "Utaipogoa na nani?"

Arap Tanui akasema ataipogoa mwenyewe, taratibu, panga lake halina makali lakini ataona.

"Ekari moja na nusu? Peke yako?" Bosire akakiinua kikapu, akakining'iniza kwenye mizani. "Kesho sina dizeli, mashine imelala. Nitakuja saa moja. Mwambie Mama Joan aweke mursik, na mwambie ile ya kibuyu, si ile ya kikapu."

Honi ikasikika chini kwenye kona. Watu wote wakaanza kusukumana na mizigo yao, na Arap Tanui akainuka kuwasaidia kupakia.